Aliyeitika Kutoka Bwawani

Tuliokuwepo ni hawa: mimi mwenyewe, Salma, ambaye ni mtoto wa marehemu dada yangu Mwanaisha na kwa desturi yetu ni mwanangu; Elieza, Mshambaa wa kule Amani, Mlutheri, mtunza bwawa la kuogelea; na mjukuu wangu, binti wa mwanangu mkubwa Omari, ambaye sasa anaitwa Riziki. Nimesema sasa. Jina lake la kwanza, alilopewa siku ya saba aliponyolewa nywele alizozaliwa nazo, sitaliandika hapa wala popote, na mkisoma mtajua kwa nini. Na alikuwepo mwingine wa tano. Huyo wa tano ndiye aliyenifanya nishike kalamu.

Msije mkasema bibi huyu kazeeka, anaota macho wazi. Haya sikusimuliwa na mtu. Sikuwa na homa siku ile, sikuwa na njaa, na macho yangu yalikuwa yameshatolewa mtoto wa jicho hospitali, naona mpaka sisimizi ukutani. Watu husema mambo haya ni ya usiku wa manane, sivyo? Mie niliyaona jua likiwaka, baada tu ya sala ya alasiri, nguo zikiwa bado kwenye kamba.

Salma ana nyumba ya wageni upande wa Mwera, karibu na pwani. Vyumba si vingi, na katikati kuna bwawa la kuogelea, na juu ya bwawa umeinama mti wa mkungu ambao haujui kupumzika kupukutisha majani. Riziki alikuwa akifanya kazi pale, kutandika vitanda na kufua mashuka. Mimi niliitwa nikapike vitumbua na mikate ya kumimina ya asubuhi, maana Salma alisema wageni wanapenda chakula cha bibi. Tulipewa chumba kimoja, mimi na mjukuu wangu, dirisha lake linatazama bwawa. Shikeni hilo la dirisha.

Basi ikaletwa mashine ya kusafisha bwawa. Roboti, ndivyo walivyoiita, lakini wafanyakazi wakaipa jina la Kobe, kwa umbo lake na mwendo wake. Asubuhi ya kwanza niliacha vitumbua vikaungua nikimtazama. Anashushwa majini, anatoa mapovu, anazama taratibu mpaka chini, halafu anaanza kutembea. Anakwenda, anafika ukutani, na wallahi, anapanda ukuta! Anafika juu, anatoa pua kidogo, anasugua, anarudi chini. Nyuma yake anaburuta waya wa umeme mrefu unaoelea.

"Shikamoo Bibi," Elieza akaniambia. "Mbona unamkodolea hivyo? Hang'ati."

"Marahaba. Nataka kujua anakula nini."

"Anakula uchafu. Maji anayaacha."

"Muongo we! Utakulaje kilicho ndani ya maji usimeze maji?"

Elieza alikuwa mtu mzima, baba wa watoto, lakini alipenda kunichekesha. Siku hiyo alipomtoa Kobe alinipindulia nimwone tumbo. Akanionyesha brashi zinazozunguka, ndizo zinazosugua sakafu na kuamsha uchafu. Katikati ya tumbo kuna mdomo. Ndani mna pangaboi dogo linalovuta maji kwa nguvu, maji yanaingia na kila kilichomo, yanapita kwenye kapu lenye matundu madogo sana, madogo kuliko tundu la sindano, kisha yanatokea mgongoni yakiwa safi. Yale yanayorushwa mgongoni ndiyo yanayomgandamiza asielee, hata ukutani asianguke. Mchanga, majani, wadudu, vyote vinabaki kapuni.

"Kumbe ni kifumbu chenye magurudumu," nikamwambia. Kifumbu, kwa msiojua ninyi mnaokunywa tui la pakiti, ni kile kimfuko cha ukindu tunachokamulia nazi. Tui hupita, machicha hubaki.

Elieza akacheka mpaka akakaa chini. "Ndiyo hivyo Bibi. Na haya hapa ni machicha ya wageni."

Akafungua mfuniko, akanionyesha kapu. Na mimi nikaacha kucheka. Kwa sababu kilichojaa humo zaidi ya majani na mchanga kilikuwa nywele.

Nywele za kila namna. Ndefu nyeupe za wazee wa Kizungu, za njano kama ndevu za mahindi, zetu za kipilipili, nyuzi za rasta za zambarau, zote zimesokotana kama wavu uliochanika. Nyingine zilijizungusha kwenye brashi, Elieza akazikata kwa mkasi. Akazikung'uta zote kwenye pipa la taka. Hata hajageuka, kunguru akatua, akachukua bumba zima, akapaa nalo kuelekea kwenye minazi.

Nilipiga kelele kama niliyeumwa na nge. "Elieza! Nywele za watu zinakwenda kujengewa kiota!"

"Si uchafu tu Bibi?"

Si uchafu. Bibi yangu aliyenilea, Mwanakombo binti Shehe, alinifundisha kabla sijajua kufunga kanga: nywele za mtu hazitupwi. Ukijichana, unazikusanya zilizobaki kwenye kitana, unachimba kijishimo, unazifukia. Na unasema. Unasema, "Ardhi, hizi ni za fulani binti fulani, zihifadhi." Lazima utaje jina, maana nywele zisizo na jina ni kama mzigo ulioachwa njiani, yeyote atasema ni wake. Ndiyo maana mtoto hupewa jina siku ile ile anayonyolewa. Vitu hivyo viwili huenda pamoja.

Nikamwambia Elieza kuanzia siku hiyo kapu alete kwangu. Akaona raha, nani hapendi kupunguziwa kazi? Kila alipomtoa Kobe asubuhi, akamwacha kidogo maji yachuruzike, alikuja na kapu mlango wa jikoni. Nachambua majani kando, nywele kando, nakwenda kuzifukia nyuma ya jiko, penye kivuli.

Mwanzoni nilijaribu kwa haki. Majina ya wageni nilikuwa nikiwauliza, nayakumbuka hata leo. "Hizi za Mama Grace wa Moshi. Hizi za Ingrid mke wa Tomasi." Lakini Kobe hachagui. Anachanganya za mgeni wa leo na za aliyeondoka juzi, na za mtoto wa mtu aliyekuja kushinda tu. Nitasema za nani? Niziache bila jina?

Ndipo nikafanya lile nililofanya. Riziki naye alikuwa akioga mle bwawani kila jioni kazi ikiisha, Salma alimruhusu. Nikasema basi humu hazikosi na zake. Nikazifukia zote kwa jina lake. Kwangu mimi ilikuwa kama mtu anavyomwandikisha mwanawe kiwanja ambacho hakina mwenyewe: akipewa, kapewa ulinzi, atapungukiwa nini? Kila asubuhi nikawa nasema, "Ardhi, hizi ni za..." nalitaja, binti Omari.

Yeye mwenyewe alinikuta siku moja, ndoo ya mashuka kichwani. "He! Bibi! Unanizika mzima mzima?"

"Nenda zako huko. Nakuhifadhi."

"Na hizi za njano ni zangu? Bibi, si ungesema mapema kama babu alipitia Ujerumani!"

Tulicheka. Wallahi tulicheka sana.

Haikupita muda akaanza kubadilika. Nilidhani ni ndoa, maana alikuwa amechumbiwa na Athumani, seremala wa Pangani mjini, kijana mpole, na Ijumaa ya nikaha ilikuwa imeshapangwa. Bibi harusi yeyote huwa na mawazo. Lakini huyu akawa analala. Anatandika kitanda cha mgeni, anakaa pembeni yake, amelala. Nywele zake zikawa nyepesi, kitana kikipita kinarudi kitupu, kama hazipo za kuchanwa. Na ukimwita kwa jina lake, haitiki. Unamwita, yuko pale pale mbele yako, anatazama ukuta. Mpaka umguse bega.

"Kuna mtu anakwita, husikii?"

"Nasikia, Bibi. Lakini kama anaitwa mtu mwingine."

Siku nyingine nikiwa jikoni, mikono imejaa unga, nikamwita aniletee maji. Nikasikia kutoka kule bwawani, sauti yake hasa, "Labeka Bibi!" Nikangoja. Maji hayaji. Nikatoka nje kwa hasira. Bwawani hakuna mtu. Kobe yuko peke yake chini, anapanda ukuta. Nikaingia chumbani, Riziki amelala, kinywa wazi, mto umelowa jasho.

Nikasema ni sikio langu. Wewe ungesema nini?

Ikatokea tena, na tena. Salma naye akasikia. Akaniambia, "Mama mdogo, huyu binti anaitika akiwa wapi?" Tukasema ni husuda, watu hawapendi kuona binti wa watu anaolewa na mtu mwema. Tukamchoma ubani, tukamsomea Yasini. Na mimi, kwa kumwonea uchungu, nikazidi kule nyuma ya jiko. Nikawa nataja jina lake, la baba yake, la babu yake, mpaka la babu wa babu, kwa sauti, mkono juu ya udongo. Nikidhani namfungia mlango, kumbe ndio nafungua.

Sasa Jumatano ikafika, Ijumaa ndiyo ndoa. Wageni walikuwa wamepelekwa kuona kisiwa cha mchanga. Salma alikwenda mjini, ng'ambo ya mto, kufuata mchele na viungo. Riziki nilimpaka singo ya bibi harusi tangu mchana, rangi imeshika, mwili unanukia liwa na waridi, akalala vile vile, dirisha wazi apate upepo. Nikaswali. Nikachukua nywele za kapu la asubuhi nilizokuwa nimezifunga kwenye kitambaa, nikaenda kuzifukia.

Nikachimba. Nikaweka. Nikasema maneno yangu, nikataja jina lake na ukoo wote.

"Labeka," likajibu nyuma yangu.

Nikageuka. Kwenye ukingo wa bwawa amekaa msichana, mgongo kwangu, miguu majini, amejifunga kanga. Mabega ni ya Riziki, na hata kule kuinamisha shingo kulikuwa kwake. Nikasema, mwenzangu, katoka nje na singo mwilini, ataharibu kazi yote!

"Mama wee, nani kakuruhusu kutoka? Na kichwani umetia nini?"

Kwa sababu nywele zilikuwa nyingi. Zimemwagika mgongoni, zimelowa. Nikasogea. Shada moja la njano. La pili kipilipili. Nyingine nyeupe pe, zimefungana na rasta za zambarau.

Akageuza uso.

Ulikuwa uso wa mjukuu wangu, lakini kama unavyouona mtu akiwa chini ya maji nawe uko juu, unachezacheza, hautulii. Jambo la kwanza nililofanya ni kutazama miguu, kama tulivyofundishwa wote pwani hii, nione kwato za jini. Hapakuwa na kwato. Ilikuwa miguu ya mtu, vidole vimenyauka kama vya dobi. Hilo lilinitisha kuliko kwato. Kwato ningejua la kufanya.

Alinuka dawa ya kusafishia maji. Kila alipojisogeza alivuja mchanga, mchanga mwembamba, na vipande vya majani ya mkungu, na plasta ya kidonda ikadondoka kwenye saruji. Sikioni mwake mlikuwa na hereni moja ya dhahabu yenye jiwe jekundu. Hereni ile niliijua. Mama Grace wa Moshi aliipotezea mle bwawani, akailia siku nzima.

"Bibi, umeniita," akasema. "Nimekuja."

"Nimemwita nani?"

Akalitaja. Jina, na Omari, na babu, na babu wa babu, vile vile nilivyolitia udongoni, kwa sauti yangu mimi.

"Huyo ni mjukuu wangu," nikasema. "Yuko ndani amelala."

"Yule haitiki siku hizi. Mimi ndiye ninayeitika. Hujanisikia?"

Nikataka kusoma Ayatul Kursiyu, ulimi ukawa kama umeshonwa. Nikaweza kusema tu, "Unataka nini kwangu?"

"Ijumaa," akasema kwa upole, kama mtoto anayekumbusha ahadi. "Sheikh akija mlangoni akiuliza, nitaitika mimi. Wewe niite tu kama kawaida."

"Na yeye?"

"Yeye umeshamfukia, Bibi. Kila asubuhi kidogo kidogo."

Nikaiona Ijumaa ile moyoni, watu wamejaa, sheikh anasimama mlangoni kwa bibi harusi, anaita jina mara tatu, na anayeitika ndiye mke. Na mtoto wangu amelala chumbani, macho kwenye ukuta, mpaka lini?

Hapo Elieza akatokea kwenye stoo, amembeba Kobe kifuani, waya wake umeshachomekwa kwenye umeme, maana upepo ulikuwa umeshusha majani mengi na alitaka kusafisha tena kabla wageni hawajarudi. Akamwona yule kwa nyuma.

"Bibi harusi!" akaita kwa furaha. "Toa miguu dada, nataka kumshusha mnyama."

Yule akachomoa miguu majini, haraka, haraka mno, kama aliyekanyaga kaa la moto. Akajikunyata. Macho yake yalikuwa kwenye tumbo la Kobe, pale penye mdomo.

Mungu akinipa uhai nitaendelea kushukuru kwamba nililiona lile. Nikakumbuka. Machicha! Huyu mbele yangu ni machicha ya wageni, jina la mjukuu wangu ndilo lililomshikanisha. Na kifumbu chake ki mikononi mwa Elieza.

Nikakaza sauti. "Kama wewe ndiye, mbona huogi? Mjukuu wangu jioni haimkuti nje ya maji."

Akazidi kujikunyata ukingoni.

"Au huwezi?" nikamwambia. "Basi si wewe. Nitamwita mwingine Ijumaa."

"Naweza, Bibi," akasema. Na sauti ilikuwa ya mtoto wangu kiasi kwamba nilitaka kumwambia basi, acha, mwanangu, kaa tu. Akateleza akaingia majini. Hayakuruka hata tone.

"Dada, toka, mashine inashuka!" Elieza akasema. "Bibi, mwambie, mtu haogi Kobe akiwa ndani. Hii ni kazi yangu, kuna umeme."

"Mshushe, Elieza."

"Bibi!"

"Elieza mwanangu, geuka. Tazama dirisha la chumba changu."

Akageuka. Dirishani, kitandani, Riziki amelala chali, uso wa manjano ya singo, mkono umening'inia. Elieza akatazama kitanda, akatazama bwawa, akarudi kutazama kitanda. Kobe akamponyoka, akaanguka majini kwa kishindo, akaanza kutoa mapovu.

Kisanduku cha umeme wa Kobe kilikuwa ukutani karibu nami, nilikuwa nimemwona Elieza akikibonyeza kila asubuhi. Nikakibonyeza mimi.

Kobe akatulia chini, akanguruma, akaanza kutembea. Yule hakupiga mbizi wala hakukimbia. Alisimama katikati ya maji amenitazama. Kobe akamfikia miguuni. Hapakuwa na damu. Hapakuwa na ukelele. Mmewahi kuona ukili wa mkeka ukifumuka, ukivuta uzi mmoja na kazi yote inakuja nyuma yake? Ndivyo alivyofumuka. Vidole, nyayo, magoti, vikawa nyuzi, nyuzi zikaingia tumboni mwa Kobe, na mgongoni mwake yakatoka maji safi. Kanga ikawa majani ya mkungu. Mikono ikamwagika mchanga, mchanga nao ukavutwa. Kiwiliwili kikashuka mpaka ukabaki uso peke yake juu ya maji, na zile nywele zimetandaa kama mkeka.

Na ule uso ukaniita. "Bibi!" Kama anavyoita mtoto aliyeamka usiku asikuone. "Bibi!"

Nilikuwa nimeshafungua kinywa kuitika. Elieza ndiye aliyeniziba kwa kiganja chake kinachonuka dawa.

Kisha hapakuwa na kitu. Kobe alikuwa amesimama chini, taa yake nyekundu inawaka, kapu limejaa hawezi tena. Bwawa lilikuwa safi, safi sana, unaona kila kigae.

Tulimvuta kwa waya mimi na Elieza. Alikuwa mzito kama mtoto wa miaka kadhaa. Elieza akafungua mfuniko, akasema, "Yesu wangu," akakaa chini. Nywele zilikuwa zimeshindiliwa zikachukua umbo la kapu, duara, kama kichwa kilichogeuziwa kisogo. Na juu yake hereni ya Mama Grace.

Nikakimbia chumbani. Riziki alikuwa macho, anatazama dari. Nikamwita kwa jina lake. Nikamgusa bega, nikamtikisa, nikamzaba kofi. Anapumua, ananitazama, lakini kama unavyomtazama mtu asiye wako. Salma akarudi, akaacha mchele mlangoni, naye akamwita, akalia, akamwita. Nikamwambia, "Usimwite tena. Jina lile si lake. Limekwenda na kapu."

Kwetu mtoto akiugua sana watu husema jina limemlemea, anabadilishwa. Lakini hufanywa kwa wachanga, nani amewahi kumbadilisha bibi harusi? Salma akampigia Omari simu kwake Mkwaja, akamweleza nusu, nusu nyingine hakuthubutu. Omari akasema, "Mama afanye anavyoona." Nikamsafisha singo yote. Nikamnyoa kichwa, zile chache zilizobaki, kama mtoto wa siku ya saba. Salma akamwita mzee wa msikitini akamwadhinia sikioni. Nikamwinamia nikamwambia, "Wewe ni Riziki. Riziki binti Omari. Riziki."

Nikarudia.

"Labeka," akasema. Kisha akashika kichwa chake. "Bibi! Mmeninyoa? Na ndoa yangu Ijumaa?"

Nililia kama nimefiwa.

Zile nywele za kapu sikuzitupa, na sikuzipa jina la mtu. Nilichimba shimo refu mbali na nyumba, nikasema, "Ardhi, hizi ni za waliooga. Mwenyezi Mungu anawajua." Ndivyo ilivyonipasa kusema tangu mwanzo. Hereni Salma alimpelekea Mama Grace, hakumwambia ilitoka wapi.

Ijumaa sheikh alikuja mlangoni kwa bibi harusi aliyejifunika mpaka nyusi. Akaita, "Riziki binti Omari." Wenzangu wote walikuwa wanamtazama binti. Mimi nilikuwa nasikiliza kule bwawani. Akaitika yeye, ndani, karibu nami. Kule nje yalisikika majani ya mkungu tu.

Sasa mtasema basi, mambo yameisha. Elieza hakungoja mwezi uishe, alirudi kwao Amani, analima iliki, na nasikia kichwa chake hukinyoa wembe kila wiki, wala hamwachii kinyozi nywele. Kobe yuko stoo amefunikwa gunia. Bwawa linasafishwa kwa wavu wa mpini mrefu, taratibu, na nywele zote zinafukiwa kwa maneno niliyowafundisha. Riziki ana mtoto. Nywele za Riziki mwenyewe zimeota, nzuri, isipokuwa shada moja nyuma ya sikio ambalo linaota la njano kama ndevu za mahindi. Analikata, linarudi.

Na siku moja yeye na mumewe walipokuja kunitembelea pale kwa Salma, Athumani, kwa kusahau tu, alikuwa kwenye geti akamwita mkewe kwa jina lile la zamani. Riziki alikuwa jikoni kwangu, mtoto mgongoni. Hakugeuka. Kutoka bwawani, ambamo hapakuwa na mtu, mimi na Salma na Athumani tulisikia, "Labeka." Karibu sana, kama aliye kwenye ngazi ya bwawa, amebakisha kupanda tu. Athumani ameolewa, nimekosea, ameoa, na mke wake yuko hai, lakini tangu siku hiyo hanywi maji ya nyumba ile.

Kwa hiyo nawaomba. Nywele zenu kusanyeni wenyewe, msiachie mashine wala kunguru. Msimpe mtu kitu ambacho hamjui kimetoka kwa nani, hata kama mnampenda, hasa mkimpenda. Na ukimwita mwanao akaitika, usiridhike na sauti. Toka ukamwone.

Mie umri umekwenda. Majina nimeyashika, lakini yawezekana nimekosea mahali. Pengine mke wa Tomasi hakuwa Ingrid, pengine aliyempelekea Mama Grace hereni si Salma bali dereva wake. Mliokuwa pale Mwera siku zile, mnaotujua, nikosoeni, nitashukuru. Ila jina moja. Kama mnalikumbuka, najua wengine mnalikumbuka, mlicheza naye, mlisoma naye, hilo msinikosoe. Msilitamke. Kuna anayelingoja.